Kazi ya fundi anaipima nani?

Fundi bunduki hapa Birmingham, Uingereza, amenirudishia bunduki yangu bila kuigusa, na hela yangu nilikuwa nayo mkononi. Kaikunja, kaitoa mitutu, kachungulia ndani, kapima unene wa chuma huku na huku, kisha akaniambia: "Naweza kuitengeneza. Lakini nikimaliza haiji kwako. Inakwenda kwanza kwa wanaoijaribu. Nenda kafikirie kama uko tayari."

Basi nimefikiria, na nilichofikiria zaidi ni nyumbani.

Bunduki yenyewe ni ya mitutu miwili iliyolala sambamba, kipimo cha 12, imetengenezwa hapahapa mjini, mtambo wake wa ndani ni ule waliobuni Anson na Deeley mwaka 1875. Niliachiwa na mzee mmoja tuliyekuwa tunalenga naye shabaha, zile sahani zinazorushwa angani. Imeandikwa kwenye cheti changu cha polisi na inalala kwenye kabati la chuma, kwa hiyo msianze. Imechoka. Ukiifunga na kuitikisa, mitutu inacheza kwenye bawaba. Utepe unaoiunganisha umeachia. Ndani kutu imechimba vishimo, na vishimo huondolewa kwa kukwangua, ila kila ukikwangua chuma kinapungua, na mtutu wa kushoto kuna mahali umebaki kama nusu milimita tu. Hapo mafundi wenyewe wanasimama. Dawa iliyobaki ni kuikata mitutu karibu na chemba, pale risasi inapokaa, na kupachika mirija mipya. Ukifanya hivyo, sheria inadai ijaribiwe upya na igongwe alama ya kuonyesha kwamba mitutu si ile ya mwanzo, ili atakayeinunua kesho asidanganywe.

Nyumba ya majaribio ya Birmingham ipo tangu 1813. Ya London ni ya zamani zaidi, hati yao ni ya 1637. Wanaipakia bunduki risasi kali kuliko utakazotumia wewe maisha yako yote, wanaifyatua wakiwa wamejikinga, halafu wanaikagua. Ikipasuka, imepasukia kwao. Ikisalimika inagongwa alama kwenye chuma. Na kuuza bunduki isiyo na alama halali ni kosa la jinai, sheria ya 1868.

Sasa nyumbani, Sumbawanga, Tanzania. Marehemu mjomba wangu alikuwa na ya mitutu miwili, ya leseni, kwa ajili ya nguruwe pori na ngedere shambani. Mtutu ulipopata ufa, ulichomelewa kwa gesi, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi, ukapendeza. Mjomba akaujaribu begani kwake, shavu likiwa juu ya kitako. Fundi alisimama mbali akiangalia. Mungu alimsaidia mjomba, basi.

Hilo ndilo linaloniuma. Kwetu anayejaribu ni mteja. Chesi ya basi inachomelewa Ijumaa, Jumamosi imebeba abiria kwenda Mbeya, na aliyesema "iko poa" ni yuleyule aliyeichomelea na anayesubiri kulipwa. Stika kwenye kioo mnajua zinavyopatikana.

Najua yupo ambaye ameshaanza kuandika: "Kakaa kwa Wazungu kidogo, mafundi wetu kawaona takataka." Ndugu yangu, soma vizuri. Mimi ni Mfipa. Wazee wangu walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru marefu ya udongo, na mabaki yake bado yamesimama Ufipa, nenda kaone. Mkono wa fundi wetu siutilii shaka hata siku moja. Hapa ninapoishi watu wanatupa pasi kwa sababu waya umekatika, na mafundi bunduki wazuri wengi wao ni wazee wasio na kijana wa kumfundisha. Fundi kama huyu angekuwa Sumbawanga, angekuwa amezungukwa na vijana mlangoni kwake. Kwa kutengeneza tunawazidi, na nitalisema hili popote. Ninachodai ni jicho la pili, la mtu asiyelipwa na kazi hiyo.

Mwingine atasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Si kweli. Wakala wa Vipimo wanakagua na kugonga muhuri mizani ya muuza nyama, kwa hiyo tulishakubaliana zamani kwamba muuzaji hajipimii mizani yake. Tumekubali kwa kilo ya nyama. Kwa nini tusikubali kwa breki, kwa mtungi wa gesi, kwa nondo za ghorofa?

Kuhusu bunduki, wenzangu hapa wananishauri niitundike ukutani. Wanasema ukarabati utapita thamani yake dukani, na ni kweli. Wanasema pia serikali ya hapa ilitangaza mwaka 2025 kwamba marisawa, zile chembe zinazotoka mtutuni, ya madini ya risasi yanakwenda kupigwa marufuku, na mitutu iliyokonda namna hii si ya kupitishia marisawa ya chuma. Hilo nalo ni kweli, na ndilo lililonifanya niache habari ya kukwangua vishimo.

Nimemwambia fundi akate, apachike mirija mipya, aipeleke ikajaribiwe. Ameniuliza kama naelewa kwamba ikipasukia huko hasara ni yangu na yeye atadai ujira wake uleule. Nimemwambia naelewa.