Hafla ya Desemba na muuguzi aliye kisiwani

Ratiba ya mwaka ya chama chetu cha wauguzi na wakunga hapa Kanda ya Ziwa ilisomwa kikaoni Januari, na haikupita kimya. Ina maadhimisho ya Siku ya Wakunga Duniani tarehe 5 Mei na ya Siku ya Wauguzi Duniani tarehe 12 Mei, bonanza la michezo, semina moja ya mafunzo endelevu mwezi Agosti, kisha hafla ya kufunga mwaka: Desemba, ukumbi wa hoteli Mwanza mjini, saa 12 jioni, kwa mchango na sare. Mjumbe mmoja alisimama akaipinga hafla, akasema chama cha kitaaluma kimegeuka kikundi cha kufa na kuzikana, michango mingi, taaluma kidogo. Dada mwingine akamjibu kwamba watu wasiokula pamoja hawawezi kusaidiana kazini. Mwenyekiti akaahirisha ajenda.

Anayepinga ana hoja nzito kuliko alivyoieleza. Leseni yetu huhuishwa kwa pointi za mafunzo endelevu, na hafla haina pointi hata moja. Desemba yenyewe ina harusi, ina sendofu, ina nauli ya kwenda kwa wazazi, na nyuma yake ipo Januari na ada za shule. Kitenge cha sare kinashonwa, kinavaliwa usiku mmoja, kinakunjwa. Lakini kinachonisumbua zaidi ni namna mchango unavyokusanywa. Unaitwa wa hiari, ila anayepita na daftari mara nyingi ndiye inchaji, yaani msimamizi wa wodi, na inchaji ndiye anayepanga zamu. Muuguzi aliyeajiriwa mwaka jana atamwambiaje kwamba hana? Atakopa, atatoa, na jioni ile atakaa mwisho wa ukumbi akihesabu nauli ya kurudi Igoma. Nimeliona hili kwa macho yangu, na sidhani kuna keki inayolifuta.

Hata hivyo, mimi siungi mkono kufuta hafla, na sababu yangu nimeipata kazini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zahanati ya kisiwani, wilaya ya Ukerewe, mkunga peke yangu usiku. Mama alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka na haikukoma. Nilishampa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, nikakanda mji wa mimba, unakaza kidogo, unalegea tena. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimpigia mkunga mmoja wa mjini tuliyekaa naye meza moja kwenye chakula cha mchana cha chama, tukila sato na kucheka habari za chuoni. Hakunihoji chuo nilichosoma. Aliniuliza: "Mdogo wangu, mkojo umeutoa?" Sikuwa nimeutoa. Kila mkunga anajua kwamba kibofu kikijaa kinauzuia mji wa mimba usikaze, nami nilijua tangu mwaka wa kwanza, ila usiku ule lilinitoka. Nikaweka mpira wa mkojo, nikakanda tena huku yeye akiwa kwenye simu, ukakaza. Asubuhi tulimvusha mama kwa boti hadi Nansio, makao makuu ya wilaya, akiwa anaongea.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimpigia yeye, wakati nilikuwa na namba za wakubwa wanne. Ni kwa sababu kwake sikuona aibu. Kwenye semina kila mtu anaficha asichokijua, mtoa mada akiuliza "kuna swali?" ukumbi mzima unainamia makaratasi. Mezani, samaki akiwa katikati, mtu anasema bila kuulizwa kwamba kuna jambo lilimshinda wiki iliyopita. Ujuzi tunao wengi. Kinachopungua ni mtu ambaye unaweza kumkiria saa 8 usiku kwamba umesahau.

Wapo watakaosema huduma ya dharura haifai kutegemea urafiki, na wana haki. Siku hizi tuna mfumo wa m-mama, unapiga 115 bila malipo na usafiri wa mama unatafutwa, uwe na marafiki au usiwe nao. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Tena kujuana kuna upande wake mbaya: anayekaa meza ya viongozi ndiye anayesikia kwanza habari za nafasi za mafunzo na uhamisho. Nakubali yote hayo. Ila 115 inaleta chombo cha kumsafirisha mgonjwa, na kabla chombo hakijafika kuna dakika ambazo mkunga yuko peke yake na damu sakafuni.

Na hapo ndipo ratiba yetu inaponiuma. Hafla ya jioni mjini inawakutanisha wenzetu wa hospitali za Bugando na Sekou Toure, ambao wakihitajiana wana korido na simu za wodi. Wa Sengerema na Geita angalau wamepata nafuu: kabla ya Juni 2025 walipangiwa muda na kivuko cha Kigongo–Busisi, sasa daraja la JPM, kilometa 3 juu ya ziwa, linawavusha kwa dakika chache na wanaweza kurudi usiku huohuo. Wa visiwani hawana daraja. Kutoka Nansio ni mwendo wa karibu saa 3 kwa meli, kisha ulipie chumba mjini. Wa Ukara au Irugwa avuke kwanza kufika Ukerewe yenyewe, na baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, simlaumu yeyote asiyetaka kupanda chombo kwa ajili ya sherehe. Juu ya yote, akiondoka nani anabaki na zahanati? Kwa hiyo anayemhitaji mwenzake kuliko sisi sote ndiye pekee asiyekuwepo, ingawa ada ya uanachama analipa sawa na mimi.

Bonanza libaki, halina gharama kubwa na kuvuta kamba hakuhitaji sare. Pombe ikiondolewa mezani wengi zaidi watakuja, Waislamu na Wasabato wakiwemo. Kuhusu hafla, naona iunganishwe na semina: mafunzo asubuhi yenye pointi zake, chakula cha mchana pamoja, watu wawe safarini kabla ya giza, nauli moja badala ya mbili. Mchango akusanye mweka hazina, kamwe asiwe mtu anayepanga zamu za anayemchangisha. Na mahali pazunguke: mwaka huu Nansio, mwaka ujao Sengerema au Musoma.

Katibu ameniambia Nansio hakuna ukumbi wa kutosha watu wetu wote. Huenda, lakini wote hatujawahi kujaa hata hapa mjini. Swali gumu zaidi ni la zamu, na hilo nimelipeleka kwa maandishi: wauguzi wa mjini walio likizo wajitolee, kwa kibali cha waganga wakuu wa wilaya, kushika zahanati za visiwani kwa siku mbili ili wenyeji waje mezani. Karatasi ya majina iko kwa katibu. La kwanza ni langu, na hadi jana jioni tulikuwa watatu.