Bwawa lipimwe kwa mwaka wake mbaya

Bwawa jipya linapotangazwa, tunatajiwa megawati. Mimi hutaka kwanza kujua mambo mawili: maji yanaporomoka kutoka urefu gani, na mto unabaki na maji kiasi gani kiangazi kinapokaribia kwisha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikiporomoka mita 100, ina nguvu ya karibu kilowati 980 kabla mitambo haijapoteza sehemu yake. Poromoko likiwa la mita 10 tu, utahitaji maji mara kumi ili upate umeme uleule. Ndiyo maana Uholanzi, pamoja na mvua na mito yake, hufua umeme kidogo sana wa maji, ilhali Norwei yenye milima hupata sehemu kubwa mno ya umeme wake kwa maji. Kwenye mtambo wa umeme wa Bieudron, Uswisi, maji hushuka zaidi ya mita 1,800. Hapo hata mkondo mwembamba ni mali.

Mto Kongo ndio unaonistaajabisha kuliko yote. Bonde lake limekaa pande zote mbili za ikweta, hivyo kusini kukiwa kiangazi, kaskazini kunanyesha, na maji hayapungui sana mwaka mzima. Kisha, ukikaribia bahari, pale Inga, mto huo mkubwa unaporomoka takriban mita 96. Uwezo wa eneo hilo unakadiriwa kuzidi megawati 40,000.

Zambezi haikujaliwa hivyo. Ina msimu mmoja wa mvua, na Kariba, bwawa lake linalofulia Zambia na Zimbabwe umeme, husubiri maji yanayotoka mbali, kaskazini magharibi mwa Zambia na mashariki mwa Angola. Ziwa ni kubwa ajabu, lakini ukubwa hauleti mvua, na jua nalo hulinyonya kila siku. Mwishoni mwa 2022 maji ya kufulia umeme yalikaribia kwisha, Zimbabwe ikaagizwa kusimamisha mitambo yake. Mwaka 2024 ukame ukarudi, na Wazambia wakakaa gizani saa nyingi kila siku.

Kupanga umeme wa taifa kwa wastani wa mvua, kwa maoni yangu, ni kuwaonea wananchi. Pengo la mwaka mbaya litafutiwe jua, upepo au jotoardhi tangu mkataba unaposainiwa. Na misitu ya vyanzo vya mto ihesabiwe kuwa sehemu ya mtambo: ikifyekwa, maji ya mvua hushuka yote kwa siku chache, ikibeba tope la kujaza bwawa, na kiangazi mto hubaki mchanga.