Bawa linalia

Mzee wetu wa hanga, banda la kutengenezea ndege, ana neno moja kuhusu dawa ya kutu: "Hii kitu inatembea, kijana." Mimi, mwanafunzi wa ufundi wa ndege wa miezi minne, nikajua anasema inauzika. Mzigo ukitembea dukani si ndiyo unanunuliwa? Kumbe mzee anaongea kifundi, mie nasikia kimachinga.

Jumamosi moja nikapewa ndege ndogo, Cessna Caravan, niipulizie mabawa dawa hiyo. Ndege zetu zinashinda Zanzibar, Pemba na Mafia. Huko ukilamba midomo tu unapata chumvi. Na bati la ndege hizo ni aluminiamu iliyotiwa shaba kidogo ili iwe ngumu. Ugumu huo una gharama, maana chumvi ikishaingia bati linaota unga mweupe na kuvimba, na mara nyingi linaanzia kwenye maungio na vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati. Mzee hachoki kusimulia Boeing 737 ya Hawaii, Aprili 1988. Nayo ilikuwa ya kurukaruka visiwani kama zetu, kutu na uchovu wa bati vikala maungio, ikapaa na paa, ikatua paa la mbele halipo. Mhudumu mmoja alipotelea angani. Akifika hapo hata redio huzimwa.

Basi nilipuliza kwa imani. Nikafungua vifuniko vya ukaguzi chini ya bawa, nikaingiza mpira mrefu wenye pua nyembamba, nikafungulia kompresa. Ukungu wa mafuta ukajaa humo ndani, mwingine ukanirudia mimi, ovaroli ikalowa hadi magotini. Nikafunga vifuniko, nikafuta bawa kwa matambara mpaka nikaona meno yangu. Nikasaini kadi ya kazi, huyoo nyumbani.

Jumatatu saa tatu asubuhi ndege iko nje, jua limeshaipasha. Napita chini yake na kikombe changu cha chai, tone likanidondokea utosini. Kuangalia juu, kila mstari wa ribiti una michirizi. Vitundu vya kutolea maji navyo vinadondosha, to, to, to, na kwenye zege pana kidimbwi. Kichwani mwangu ikaja hesabu moja tu: mabawa ya Caravan ndiyo matangi, yakijaa yanabeba zaidi ya lita 1,200.

"Mafutaaa! Yanavujaaa!"

Nilimpora mlinzi simu na kuizima, akiwa katikati ya kuongea na mkwewe. Abiria waliokuwa wanasubiri kivulini nikawaswaga kama mbuzi. Halafu nikakumbuka moto! Nyuma ya uzio wetu yupo mama ntilie na jiko lake la mkaa. Nikazunguka mbio, nikaona ndoo, nikamimina. Jiko likazimika kweli. Ila ile ndoo ilikuwa ya kuoshea vyombo, na juu ya jiko palikuwa na supu ya utumbo. Ikatoa povu.

Gari la zimamoto likafika na ving'ora vyake. Mzee akatoka ofisini taratibu, miwani kwenye paji la uso, kijiti cha meno mdomoni. Akagusa bawa kwa kidole, akasugua, akanusa, kisha akanisogezea kidole puani.

"Mafuta ya ndege hii yananukaje?"

"Kama mafuta ya taa, mzee."

"Na haya?"

Nikavuta pumzi. Yalinuka ovaroli yangu ya Jumamosi.

Akaagiza kadi ya kazi iletwe. Akaisoma kwa sauti mbele ya zimamoto, rubani na abiria, neno kwa neno, kama anasoma risala: bawa la kushoto, dawa ya kutu, bawa la kulia, dawa ya kutu, saini ya... Hapo akasimama, akashusha miwani, akanitazama. Mimi nilikuwa nakagua kucha.

"Si nilikwambia inatembea?" Dawa ile, akatueleza, ni nyepesi, inajipenyeza kwenye kila ufa na chini ya kila ribiti, inasukuma maji nje na kubaki humo ikilinda. Ziada inaendelea kuchuruzika siku kadhaa, na jua likiwaka ndiyo zaidi. "Haivuji, mwanangu. Inatoka jasho."

Zimamoto waliondoka wakicheka. Mimi nilikaa na matambara siku nne, maana vumbi la uwanja lilipenda michirizi ile kuliko nzi na embe. Supu nililipa sufuria nzima, na utumbo wake sikuuonja. Mpaka leo nikipita pale na salamu, mama ntilie anafunika sufuria kwanza, ndipo anaitikia.