Marekani 1776: nani amlipe gavana?

Kiswahili kina shida yake na habari hii. Kwetu mkoloni ni bwana aliyekuja na bunduki na daftari la kodi, kwa hiyo msomaji akiambiwa kwamba wakoloni wa Marekani walidai uhuru kutoka kwa Mwingereza, ana haki ya kukuna kichwa. Waliodai uhuru mwaka 1776 walikuwa walowezi. Ukitaka kuwatafutia ndugu Afrika, usiende kwa TANU wala Mau Mau. Nenda Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ambako Novemba 1965 walowezi walijitangazia uhuru kwa tamko lililoiga muundo wa lile la Marekani, wakaruka mstari usemao watu wote wameumbwa sawa.

Ukiwaona hivyo, hata ile hadithi ya chai inabadilika sura. Wengi tumeshika kwamba Mwingereza alipandisha kodi, chai ikawa ghali, watu wakachoka. Chai haikupanda. Sheria ya Chai ya mwaka 1773 iliishusha bei. Awali Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ililazimika kuuza chai yake kwa mnada London, wafanyabiashara wakainunua na kuivusha bahari, kila mmoja akiongeza faida yake. Sheria mpya iliiruhusu kampuni kuipeleka yenyewe Marekani kupitia mawakala wachache iliowateua, na kurudishiwa ushuru uliolipwa Uingereza. Kilichobaki ni peni 3 kwa kila ratili, zilizolipwa bandarini Marekani. Kwa bei hiyo ingeweza kushindana hata na chai ya magendo kutoka kwa Waholanzi. Mlanguzi wa Boston, mji wa bandari wa koloni la Massachusetts, alikuwa na sababu zake za kukasirika, tusijifanye hatumwoni. Lakini zile peni 3 zinastahili kufuatwa hadi zilikoishia.

Kila koloni lilikuwa na gavana, mara nyingi mteule wa mfalme, na bunge lililochaguliwa na wanaume wenye mali. Gavana aliweza kukataa miswada na kulivunja bunge, ila mfuko ulikuwa mikononi mwa bunge. Massachusetts mshahara wake ulipigiwa kura mwaka hadi mwaka, kwa hiyo gavana mkaidi alijua kitakachompata mwakani. Hiyo ndiyo iliyokuwa katiba yao halisi, kuliko maandishi yoyote.

Mwaka 1767 waziri wa fedha, Charles Townshend, aliweka ushuru kwenye kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, na sheria yenyewe ikasema fedha hizo zingeweza kulipa mishahara ya magavana na majaji. Watu waligoma kununua bidhaa za Uingereza, na mwaka 1770 ushuru ukafutwa wote isipokuwa wa chai. Kisha mwaka 1772 zikaja habari kwamba gavana wa Massachusetts, Thomas Hutchinson, na majaji wa mahakama yake ya juu watalipwa na mfalme. Boston iliunda kamati ya mawasiliano Novemba ya mwaka ule ule, ikaanza kuandikia miji mingine. Jaji mkuu Peter Oliver alipokataa kuuachia mshahara wa mfalme, bunge lilimfungulia mashtaka ya kumwondoa, na mwaka 1774 raia walioitwa kukaa kwenye jopo la mahakama wakagoma kula kiapo mbele yake. Kwa maoni yangu mgogoro huu wa mishahara una uzito kuliko usiku ule chai ilipomwagwa baharini Boston, ingawa hauna picha nzuri ya kuweka kwenye kitabu cha shule.

Usiku wenyewe, tarehe 16 Desemba 1773, ulipangwa na kalenda ya forodha. Meli ya kwanza, Dartmouth, ilikuwa imeingia Novemba 28. Mzigo usiolipiwa ushuru ndani ya siku 20 ungekamatwa na maofisa wa forodha. Hutchinson, ambaye wanawe wawili walikuwa miongoni mwa mawakala wa chai hiyo, hakuruhusu meli igeuze irudi na mzigo wake. Zikiwa zimebaki saa chache, makasha 342 yakamwagwa baharini.

Uingereza nayo haikuwa na wazimu. Vita na Ufaransa vilivyokwisha mwaka 1763 vilikaribia kulizidisha deni lake mara mbili, na sasa ilitaka kuweka askari wapatao 10,000 Marekani. Ikaanza na molasi. Tangu 1733 ushuru wake ulikuwa peni 6 kwa galoni, lakini ulikuwa wa kwenye karatasi: mwenye meli alimpa ofisa wa forodha chake, wakaachana salama. Mwaka 1764 ulishushwa hadi peni 3, safari hii ukakusanywa kweli, na aliyekamatwa aliweza kushtakiwa katika mahakama ya majini isiyo na jopo la raia. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Stempu, iliyodai stempu ya kulipia kwenye karatasi: magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata za kuchezea, shilingi 1 kwa pakiti. Kosa lake la kisiasa ni kuwagusa kwa mpigo mmoja wachapaji na mawakili, yaani wenye kalamu na wenye ndimi. Wagawaji wengi wa stempu walilazimishwa kujiuzulu kabla sheria haijaanza Novemba 1, 1765, na Machi iliyofuata London ikaifuta. Siku hiyo hiyo ilipitisha sheria nyingine ikidai mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote.

London ilijibu kilio cha kutozwa kodi bila uwakilishi kwa kusema hata Manchester na Birmingham hazikuwa na wabunge. Jibu hilo lina tundu. Mbunge aliyepiga kura kuitoza Manchester alijitoza na yeye mwenyewe. Alipoitoza Boston, alijipunguzia mzigo.

Kilichoyatisha makoloni mengine ni adhabu za mwaka 1774. Bandari ya Boston ilifungwa kuanzia Juni 1, lakini kubwa zaidi, baraza la Massachusetts lililokuwa likichaguliwa likawa la uteuzi wa mfalme, na mikutano ya miji ikahitaji ruhusa ya gavana. Virginia ikajiuliza zamu yake ni lini. Tena Virginia ilikuwa na yake: tangazo la 1763 lilizuia walowezi kuvuka milima ya Appalachia, na matajiri kama George Washington walikuwa na macho kwenye ardhi ya ng'ambo, ardhi yenye wenyewe. Novemba 1775 gavana Dunmore alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaokuja kumpigania mfalme. Wenye mashamba waliokuwa wakisitasita wakaacha kusitasita.

Hata hivyo, Julai 1775, damu ikiwa imeshamwagika Lexington, Massachusetts, kati ya askari wa mfalme na walowezi, Kongamano, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni, lilikuwa bado linamwandikia mfalme George wa Tatu kumsihi. Agosti aliwatangaza waasi, kisha akakodi askari wa Kijerumani. Ndipo Tamko la Uhuru la 1776 likaandikwa dhidi yake. Kati ya malalamiko 27, kodi ni moja. Lingine ni kuwafanya majaji wamtegemee yeye peke yake kwa kazi na mishahara yao. La mwisho ni kuchochea uasi wa ndani, na kila aliyekuwa na watumwa alijua maana yake.

Tarehe 9 Julai Tamko lilisomwa New York, na jioni umati ukaiangusha sanamu ya mfalme juu ya farasi. Mji uliisimamisha mwaka 1770, kumshukuru kwa kufutwa kwa Sheria ya Stempu. Ilikuwa ya madini ya risasi, na sehemu kubwa yake ilipelekwa Connecticut, ikayeyushwa kuwa risasi za bunduki 42,088.