Taulo za bure kwa wanaojioshea magari: kazi iko kwenye kufua

Dar es Salaam au Nairobi swali la nani alete taulo ya kukaushia gari halijitokezi sana. Gari wanakabidhiwa vijana, wao ndio wenye mpira, sabuni na kitambaa, mwenye gari anasubiri pembeni. Marekani kuna vituo vingi vya kujihudumia: unaingiza gari kibandani, unatia sarafu au kadi, unazungusha swichi kutoka sabuni hadi povu, suuza, nta, na dakika zikiisha bomba linakata. Gari linatoka likichuruzika maji, na hapo ndipo wenye vituo wanapogawanyika. Mteja apewe taulo bure, auziwe, au aje na yake?

Wanaotetea taulo za bure wana hoja nzito. Maji ya kawaida yana madini ya kalisi na magnesi. Yakikaukia juu ya bodi, hasa juani na kwenye rangi nyeusi, yanaacha madoa meupe ya mviringo. Mteja anayaona akishafika nyumbani, na lawama anakipa kituo. Tena taulo humtoa mtu kibandani. Kasha la taulo likiwekwa upande wa mashine za kuvuta vumbi, anasogeza gari akakaushie kule na wa nyuma yake anaingia. Jumamosi yenye foleni, dakika tano zilizookolewa kwa kila gari ni pesa.

Matatizo huanzia kwenye pipa la taulo chafu. Taulo ikishaingia mkononi mwa mteja, hujui imepita wapi: huyu kafuta kioo, yule kafuta rimu. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na taulo hizi ni za maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za poliesta zilizotengenezwa zinase chembe. Sifa yake ndiyo hatari yake, kwa sababu zile zilizong'ang'ania hazitoki zote kwa kufua. Mteja anayefuata akiiburuza taulo hiyo kwenye boneti, inakwaruza klia, safu ya juu inayolinda rangi, ambayo unene wake ni kama mikroni 50 tu, yaani milimita 0.05. Mikwaruzo hiyo ni myembamba, imezungukana kama utando wa buibui, na huonekana jua likipiga. Wengi hudhani imeletwa na brashi ya povu ya kibandani. Kutenga rangi, bluu kwa bodi na nyekundu kwa rimu, kunasaidia pale tu penye mhudumu wa kusimamia. Pasipo na mtu, mkono unachukua iliyo karibu.

Halafu kuna hesabu ya ufuaji, ambayo wengi huiruka. Taulo ya sentimita 40 kwa 40, yenye gramu 300 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 48 ikiwa kavu. Chukua magari 80 kwa siku, taulo mbili kila moja: ni taulo 160, karibu kilo 7.7. Mashine ya kilo 9 inaonekana inatosha, lakini ukiishindilia hivyo taulo hazipati nafasi ya kujigeuza na mchanga unabaki humohumo. Fua kwa awamu mbili, kila siku. Akiba nayo inataka seti tatu: moja kwenye kasha, moja kwenye mashine, moja kabatini, yaani taulo 480 kabla hujafungua mlango. Tuseme zinapotea 5 katika kila 100. Hizo ni 8 kwa siku, 240 kwa mwezi. Si lazima ziwe zimeibwa. Taulo mbichi hutupwa kwenye buti ikasahaulika.

Ufuaji wenyewe una masharti. Maji yawe ya vuguvugu, kama digrii 40, na sabuni ya maji kidogo. Dawa ya kulainisha nguo isiguse kabisa, maana inazipaka nyuzi utando, na taulo inabaki kuyasukuma maji badala ya kuyanywa. Jiki pia hapana. Zisichanganywe na pamba, kwa kuwa zinanasa manyoya yake na kuyahamishia kwenye vioo. Mashine ya kukaushia iwekwe moto mdogo, vinginevyo poliesta inakakamaa. Zilizofutia oili au petroli zisiingie humo hata kidogo. Ni hatari ya moto. Na zilizolowa zisilale pipani: usiku mmoja wa joto unatosha kuzivundisha.

Kwa kituo kinachofunguliwa saa 24 bila mhudumu, taulo za bure si uamuzi mzuri. Fedha ya kwanza iende kwenye suuza ya mwisho ya maji ya R.O. (reverse osmosis), yaani yaliyosukumwa kupitia utando unaochuja chumvi, kwa mtambo wa aina ileile wanayotumia wauza maji ya kunywa. Maji hayo yametolewa karibu chumvichumvi zote, kwa hiyo yakijikaukia hayaachi doa la maana. Yanashindwa pale mteja anaposuuza haraka haraka: maji ya mwanzo yanabaki nyuma ya vioo vya pembeni na kwenye vitasa, kisha yanachuruzika gari likianza mwendo. Kwa hapo taulo moja inatosha, na mashine ya kuuzia taulo mpya inaikidhi haja hiyo. Mteja anaondoka nayo, hakuna wa kuifua.

Palipo na mhudumu na wateja wa kadi za mwezi, bure inawezekana kwa kubadilishana: kila mmoja apewe taulo mbili, akirudisha chafu achukue safi. Upotevu unapungua kwa sababu asiyeleta hapewi. Mhudumu naye awe na CD kuukuu karibu na mashine. Taulo anayoitilia shaka aisugue kwenye upande unaong'aa. Ikiacha mkwaruzo, aikate kona moja, na tangu siku hiyo iwe ya rimu tu.