Mbwa Aliyeasiliwa na Mbwa Aliyekataliwa Mlangoni

Watetezi wa wanyama wana kauli yao maarufu: usinunue mbwa, asili, yaani chukua aliyekosa mwenyewe umfanye wako. Ina nguvu kwa sababu inampa mtu wa kawaida kazi anayoiweza. Huna ubavu wa kubadili sheria wala kujenga hospitali ya mifugo, lakini unaweza kwenda kwenye kituo cha kuokoa wanyama ukamchukua mbwa mmoja aliyetelekezwa, na usiku huohuo akalala kwako badala ya kusubiri sindano ya kumuua. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila imetiwa chumvi mahali fulani, na hapo ndipo ninapotaka kuchokonoa, maana vipo vituo vinavyoendeshwa kwa kuifuata kauli kuliko kuifuata hali ya wanyama waliomo ndani.

Tuanze na Marekani, ambako hesabu hizi hufuatiliwa sana. Makadirio ya miaka ya 1970 yanasema vituo vya huko vilikuwa vikiua mbwa na paka zaidi ya milioni 12 kila mwaka. Kufikia 2019, shirika la kutetea wanyama la ASPCA lilikadiria idadi hiyo imeshuka hadi 920,000 hivi, katika nchi ambayo watu na wanyama wa nyumbani walikuwa wameongezeka mno. Ukizisikiliza kampeni za kuasili, utadhani sifa zote ni zao. Lakini sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na wanyama kuacha kuingia vituoni kwa wingi ule wa zamani. Zahanati za kuhasi na kufunga kizazi kwa bei nafuu zilienea, na madaktari wa mifugo wakaufanya upasuaji huo kuwa jambo la kawaida. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba yenyewe huchukua miezi miwili hivi, kwa hiyo asiyezuiwa huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na wanawe wa kike wakamfuata kabla ya mwaka kwisha. Upasuaji mmoja mfupi hukata mlolongo huo wote. Kampeni ya kuasili haina namna ya kushindana na hesabu hiyo.

Wapo wanaolichukua hilo wakahitimisha kwamba kuasili ni anasa ya kujifariji. Nao wanakosea, na kosa lao linaonekana pale pale kwenye vizimba. Chukua kituo chenye vizimba 40. Kila mbwa akikaa siku 60 kwa wastani, kituo kitahudumia mbwa wapatao 240 kwa mwaka. Akikaa siku 30, kitahudumia mara mbili yake, na hakuna tofali lililoongezwa wala mfanyakazi aliyeajiriwa. Anayemchukua mbwa siku ya kumi, badala ya kumwacha hadi siku ya hamsini, amekipa kituo siku 40 za nafasi. Siku hizo ndizo zinazoamua kama mbwa atakayeletwa wiki ijayo amefungwa kamba shingoni atapata pa kuwekwa, au mtu atalazimika kuchagua nani aondoke ili huyo aingie.

Ndiyo maana mjadala kuhusu masharti ya kuasili ni mzito kuliko unavyoonekana. Vituo vingi vilizoea kudai uzio wa urefu fulani, barua ya mwenye nyumba, ukaguzi wa makazi, na wakati mwingine vikawakataa watu wanaofanya kazi kutwa. Nia ilikuwa njema: mnyama aliyekwishaumizwa asiumizwe tena. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekataliwa huenda kwa mfugaji anayeuza, ambaye hamuulizi chochote zaidi ya pesa, na mbwa wa kituoni anabaki palepale. Hata ada ilitetewa kwa hoja kwamba anayepewa bure hathamini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliwalinganisha watu waliochukua paka bila malipo na wale waliolipa, na haukuona kwamba waliopewa bure waliwapenda paka wao kwa kiasi kidogo kuliko waliolipa. Kwangu mimi, ukaguzi unaofaa ni mazungumzo ya kweli kati ya anayetoa na anayepokea. Fomu ya kurasa sita haimzuii mtu mkatili. Inamchosha mtu mwema.

Sasa tuje kwenye asilimia 90, kipimo cha kituo kinachoitwa kisichoua, maana hapo ndipo watu wa fani hii wanapokosana.

Mwaka 1994, Richard Avanzino, aliyekuwa akiongoza shirika la kuhudumia wanyama la San Francisco, alifikia makubaliano na mamlaka ya jiji: mbwa au paka yeyote mwenye afya na tabia ya kukaa na watu atahakikishiwa nyumba. Vuguvugu la vituo visivyoua lilipata nguvu kubwa kutokana na mfano huo. Baadaye likaweka kipimo kinachojulikana sasa: kituo kinachotoa wakiwa hai angalau asilimia 90 ya wanyama kinaowapokea huhesabika kuwa hakiui, kwa dhana kwamba hiyo asilimia 10 ni ya wagonjwa wasiopona na wenye ukali usiotibika. Jiji la Austin, Texas, lilipitisha mpango wake mwaka 2010 na mwaka uliofuata likakivuka kipimo hicho. Si mafanikio ya kubeza. Miji ambayo ilikuwa imezoea kuua kama utaratibu wa kila Ijumaa ilionyeshwa kwamba mengi ya mauaji yale hayakuwa ya lazima: ulikuwa uvivu, saa za kufungua zisizomfaa mtu mwenye kazi, na kutotafuta familia za kuwalea wanyama kwa muda.

Tatizo la kipimo ni kwamba kuna njia mbili za kukifikia. Ya kwanza ni kuwatafutia wanyama nyumba. Ya pili ni kuwa mwangalifu unapofungua mlango. Kituo kinaweza kumwambia mtu aliyeleta mbwa mzee mwenye uvimbe kwamba nafasi zimejaa, arudi baada ya mwezi. Yule mbwa hataonekana kwenye hesabu yoyote. Huenda mwenyewe akamtunza. Huenda akafunguliwa kando ya barabara jioni ileile. Kituo cha pili mjini, kile cha serikali ambacho kisheria hakiwezi kumkataa mnyama, kitampokea, kitamuua, na mwisho wa mwaka kitaitwa machinjio magazetini huku cha kwanza kikichangiwa fedha. Shirika la PETA, lenye jina kubwa katika kutetea wanyama, lina kituo Norfolk, Virginia, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiwaua wengi wa wanyama kinaowapokea. Utetezi wao ni kwamba wanawachukua wale waliokataliwa kwingine: wazee, wagonjwa, waliovunjika. Unaweza kuukataa utetezi huo, na mimi siukubali wote, lakini huwezi kuujibu kwa kutaja asilimia 95 za kituo chenye mlango nusu wazi.

Na kuna Italia, ambayo naona ingefaa itajwe kila mara mtu anapodai kwamba kupiga marufuku kuua kunamaliza kazi. Sheria namba 281 ya mwaka 1991 ilikataza kuwaua mbwa wasio na mwenyewe, isipokuwa walio na ugonjwa mzito usiotibika au waliothibitika kuwa hatari. Ni sheria ya kiungwana. Lakini mbwa ambaye hakupata mtu wa kumchukua ilibidi akae mahali, na manispaa nyingi, hasa za kusini, zikaingia mikataba na vituo binafsi vinavyolipwa kwa kila mbwa kwa kila siku. Hebu tafakari malipo ya namna hiyo yanavyomtuma mwenye kituo: mbwa akiasiliwa, kipato kimepungua. Wapo waliozeekea ndani, na wapo waliofia ndani.

Aliyewahi kupita kwenye korido ya vizimba vya wanyama waliokaa muda mrefu anajua hali hiyo ilivyo. Kelele hazikatiki, kwa sababu akibweka mmoja wanabweka wote, na sakafu ya saruji na kuta tupu huzirudisha. Wapo wanaozunguka papo hapo, mduara uleule, hadi sakafu inakuwa na alama. Wapo wanaolamba mguu mmoja mpaka manyoya yanaisha na ngozi inachubuka. Kikohozi cha vizimbani kikiingia kinapita kizimba hadi kizimba. Na mgeni anapofika kutafuta mbwa wa kuasili, anamwona yule anayerukia nyavu akibweka kama kichaa, anasema huyu ni mkali, anapita. Mbwa huyo hakuletwa akiwa hivyo. Siku zake za kungoja ndizo zilizomfanya asichukulike.

Kwa hiyo swali la kama kifo cha haraka ni afadhali kuliko maisha ya namna hiyo si swali la watu wakatili. Sindano ya pentobabitali, dawa ya usingizi mzito, ikidungwa na mtu mwenye ujuzi humpotezea mnyama fahamu kwa sekunde chache. Anayeidunga mara nyingi ndiye aliyemlisha mnyama huyo asubuhi na kumpa jina, na wengi wao huacha kazi wakiwa wamevunjika moyo. Ila hoja hiyo ina mtego wake: ni rahisi mno kwa msimamizi asiyetaka kujisumbua kusema mbwa fulani anateseka. Mnyama wa kawaida anayeteseka kwa sababu ya kizimba anahitaji kutolewa kizimbani, na familia inayomlea kwa wiki tatu nyumbani hufanya zaidi ya dawa za kutuliza. Kumuua kabla ya kujaribu hilo ni kumwadhibu kwa upungufu wetu.

Haya yote ni mambo ya nchi ambazo mbwa asiye na mtu hukamatwa akafungiwa. Duniani kwingi mbwa huzurura, na huko kuasili ni tone tu. Turuki ilikadiriwa kuwa na mbwa wa mitaani wapatao milioni 4 bunge lake lilipopitisha sheria ya kuwaondoa barabarani mwaka 2024, wakati vituo vyote vya nchi vilikuwa na nafasi 105,000 hivi. Nchini India, Mahakama ya Juu iliamuru Agosti 2025 mbwa wa mitaani wa Delhi wakusanywe wafungiwe, kisha siku chache baadaye ikarekebisha amri: wahasiwe, wachanjwe, warudishwe walikotolewa, isipokuwa wenye kichaa au wakali. Wanaotaka mbwa waondolewe si watu wa kupuuzwa. Kichaa cha mbwa huua watu takriban 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa yao. Mzazi ambaye mwanawe ameumwa akienda shule hana haja ya somo kuhusu haki za wanyama.

Lakini mzazi huyo anastahili kitu kinachofanya kazi, na kuua ovyo hakujafanya. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliua karibu nusu ya mbwa wake baada ya ugonjwa kuingia mwaka 1997, na ugonjwa ukabaki. Kisiwa cha Bali, nchini humohumo, kilianza vivyo hivyo mwaka 2008, kwa sumu, kabla ya kugeukia chanjo. Mbwa wakipungua, watu huleta wengine kutoka kwingine, wadogo na wasiochanjwa, na wale waliochanjwa tayari wameuawa pamoja na wengine. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia, ugonjwa hukosa njia. Kuhasi na kurudisha mtaani nako kuna udhaifu usiosemwa na mashabiki wake: huenda polepole, hudai idadi kubwa ya majike kufungwa kizazi kwa muda mfupi, na mbwa aliyehasiwa bado ana meno. Kwa paka kuna lingine tena, kwamba paka aliyerudishwa porini ataendelea kuwinda ndege na mijusi. Australia iliona hasara hiyo kubwa kiasi cha kutangaza mwaka 2015 lengo la kuua paka mwitu milioni 2 kufikia 2020.

Wengine wamejaribu kuunganisha dunia hizi mbili kwa kuwasafirisha mbwa wa mitaani kwenda kwa watu wanaotaka kuasili ng'ambo. Mbwa wengi wa Romania wamefika Uingereza kwa njia hiyo, na pamoja nao Uingereza ikaanza kuona kwa wingi bakteria wa Brucella canis, ambao walikuwa nadra huko na wanaweza kumwambukiza mtu. Kwa mbwa mmoja mmoja safari hiyo ni ukombozi. Kwa mitaa alikotoka, jike mwingine ameshazaa.

Kama ni kubadilisha jambo moja, ningeanza na takwimu zinazotangazwa. Pamoja na asilimia ya waliotoka hai, kituo kitaje waliokataliwa mlangoni, wastani wa siku za kukaa, waliofia kizimbani, na walioasiliwa wakarudishwa. Hilo la mwisho watu huliona aibu bila sababu. Wenye uzoefu husema mbwa huhitaji siku tatu kutulia, wiki tatu kuzoea ratiba ya nyumba, na miezi mitatu kujiona wa hapo. Familia ikishindwa na ikamrudisha ikiwa na maelezo ya alivyo ndani ya nyumba, kituo kimepata habari ambayo kizimba hakiwezi kutoa. Fedha nazo ziende mapema zaidi: kumlipia mtu upasuaji wa mbwa wake au kumsemea kwa mwenye nyumba asiyetaka wanyama mara nyingi ni gharama ndogo kuliko kumpokea mbwa huyo akiwa ametelekezwa.

Halafu kuna mbwa aliyewahi kung'ata mtu. Vituo vinavyokimbizana na asilimia vimeshawahi kumtoa mbwa wa namna hiyo bila kumwambia anayemchukua, na jimbo la Virginia lililazimika kutunga sheria mwaka 2018 inayotaka historia ya kung'ata itajwe kabla mnyama hajatolewa. Akijulikana alivyo, bado anaweza kupatikana mtu mzoefu, asiye na watoto, aliye tayari. Asipopatikana, uamuzi ufanywe na zaidi ya mtu mmoja, uandikwe na sababu zake, na jina la mbwa huyo liingie kwenye hesabu ya mwaka kama la mwingine yeyote.