Kiwiko kimesahauliwa katika hoja ya vijiti vya kulia
Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba namna ya kushika vijiti vya kulia chakula huchosha au hupumzisha bega, lakini imeruka kutoka vidoleni hadi begani bila kutaja kiwiko. Katika mshiko uliozoeleka China na Japani, kijiti cha chini hutulia kwenye panda ya kidole gumba kikiegemea kidole cha pete, na kile cha juu pekee ndicho husogezwa na kidole cha shahada pamoja na cha kati, hivyo kazi kubwa hufanywa na misuli midogo ya kiganja na ile ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Anayevipishanisha vijiti kama mkasi, akishindwa kukutanisha ncha, huzungusha kigasha na kuinua kiwiko. Hapo ndipo misuli ya bega hulazimika kuubeba mkono mzima. Meza iliyo juu mno huleta matokeo hayohayo hata kwa mwenye mshiko sahihi, ilhali Mjapani anayeinua bakuli karibu na kinywa (Wakorea huliacha mezani) huufupisha mwendo wa mkono kutoka kwenye chakula hadi kinywani. Vijiti vya chuma vya Korea, vyembamba na vyenye kuteleza, navyo hudai kubanwa kwa nguvu zaidi, na mwandishi hakuvigusa kabisa.